Godzilla, Shinkolobwe na watoto wa katoni wa Kasapa

Kasapa, Lubumbashi. Kwa kawaida ninawaletea habari za maji, za umeme, za bei ya makala na ya bunga. Leo ninaleta habari ya munyama mwenye urefu wa metre 50, mwenye kutoka mu bahari ya Japani na kupumua moto. Musiseme kama mwandishi wenu amepandwa na malaria. Hii habari inatuhusu sana. Mwanzo wake uko mu udongo wa Katanga, na leo imefika mu parsele zetu, mahali penye mutoto mumoja wa miaka 11 alikaribia kuitwa mulozi juu ya katoni na kole.

Nianze na watoto wenyewe. Nyuma ya nyumba yenye ninapanga kuko uwanja mudogo wenye haujajengwa. Kila siku ya posho, muchana, watoto 12 ao 15 wanakusanyika pale. Wengine walizaliwa hapa Kasapa, na mama zao wanauzisha ku njia ya kuelekea chuo kikuu. Wengine walitoka Goma na Bukavu kisha ile miji kuanguka mu mikono ya M23 mwanzo wa mwaka 2025. Walipita Uvira, wakapanda mashua mpaka Kalemie, na kutoka kule wakafuata ndugu zao mpaka Lubumbashi. Hawakujuana. Walikutana mbele ya telefone moja yenye kioo cha kupasuka, wakiangalia filme ya mwaka 2024, Godzilla x Kong, yenye mwanafunzi mumoja aliwagawia. Kuiangalia tu hakukuwatosha. Kesho yake walianza kutafuta katoni.

Nilishinda nao siku nyingi, nikiandika namna wanatumika. Ngozi ya munyama ni karatasi ya mifuko ya simenti. Wanailowanisha mu kole ya bunga ya mihogo, wanaifinya kwa mikono, kisha wanaianika ku jua. Ikikauka, inakuwa na makunyanzi kama ngozi ya mamba. Miiba ya mugongo ni bidoni za mafuta zenye wanakata na kisu. Meno ni vipande vya chupa za plastiki. Mukia uliwasumbua wiki mbili: wa kwanza ulivunjika, wa pili ulikuwa muzito na ulimuangusha mwenye kuuvaa, wa tatu ni mupira wa ndani wa kinga wenye walijaza sakoshi. Ule unatembea muzuri, unayumba nyuma yake kama wa munyama wa kweli.

Halafu kuko muji. Walitengeneza Lubumbashi yetu. Shemine ya Gécamines ni mikebe ya nyanya yenye wamepandanisha. Ule mulima mweusi wa takataka ya shaba ni vumbi ya makala. Nyumba ni katoni za samaki. Pembeni ya muji waliweka vibanda vidogo vya shitingi, vyeupe, vingi, juu wale wa Goma walisema muji hauwezi kukosa ile sehemu. Wakichukua picha, wanalaza telefone chini kabisa, ku udongo, ili mutoto mwenye metre moja na nusu aonekane mukubwa kupita shemine.

Ubishi nao haukosekani. Ubishi mukali kuliko yote ulikuwa juu ya Kong, ule nyani mukubwa. Nusu ya watoto walisema ni mutu wetu, jina lake linasema wazi kama anatoka Kongo. Niliwaeleza kama mu filme ya kwanza, ya mwaka 1933, Wamarekani walisema anatoka ku kisiwa kimoja cha kubuni, mbali kabisa na hapa. Musichana mumoja wa Bukavu alinijibu: "Papa, gorila wako wapi? Wako kwetu, ku Kahuzi. Basi." Sikuwa na neno la kumurudishia. Na tena kuko kitu chenye kilimufurahisha sana nilipomuambia: jina Gojira, lenye sisi tunasoma Godzilla, Wajapani walilitengeneza kwa kuunganisha majina mawili ya wanyama, gorila na nyangumi.

Niliwasimulia pia namna ile filme ya kwanza ya Godzilla ilitengenezwa, juu nilitaka wajue kama njia yao haiko njia ya masikini tu. Ilitoka ku Japani tarehe 3/11/1954. Mwenye kuiongoza alikuwa Ishirō Honda, na mwenye kutengeneza vitu vya kudanganya macho alikuwa Eiji Tsuburaya. Tsuburaya alipenda King Kong, na alitamani kutumikisha sanamu ndogo yenye kusogezwa kidogo-kidogo, picha moja-moja, kama vile ku Marekani. Lakini ile kazi ingeomba miaka mingi na feza nyingi. Basi alifanya nini? Alivalisha mutu nguo ya munyama na kumutembeza mu muji mudogo wa kutengenezwa. Yule mutu, Haruo Nakajima, alienda kuangalia wanyama mu zoo ili ajue namna wanatupa miguu. Nguo ya kwanza ilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, na hakuweza kukaa ndani dakika nyingi juu ya joto. Picha zilichukuliwa kwa mbio, kisha zikaonyeshwa polepole, ili kila hatua ionekane nzito. Na ile sauti ya kunguruma yenye dunia nzima inajua? Akira Ifukube, mwenye kutunga muziki ya filme, aliitosha ku nyuzi za kontrabasi kwa kuzisugua na kigansi cha ngozi chenye kupakwa ulimbo. Nilipomaliza kusema hivyo, mutoto mumoja alikimbia kuleta bidoni tupu, akaanza kuisugua na kipande cha mupira. Tangu ile siku majirani hawalali muchana wa posho.

Lakini swali lenye uzito liliulizwa na yule mwenye kuvaa nguo ya munyama, ule mutoto wa miaka 11 wa kutoka Goma. Aliuliza: "Alikuwa amelala. Juu ya nini aliamuka?"

Jibu la filme ni hili: mabombe ya nguvu yenye watu walijaribisha mu bahari yalimuamusha. Jibu la historia ni refu kidogo. Tarehe 1/3/1954, Marekani ilijaribisha bombe kubwa sana ku Bikini, mu bahari ya Pasifiki. Majivu yake ya sumu yaliangukia mashua ya wavuvi wa Japani yenye watu 23. Wote waliugua, na mumoja wao alikufa mu mwezi wa 9 wa ule mwaka. Japani nzima ilishituka, juu ilikuwa haijasahau mwaka 1945, Hiroshima tarehe 6/8 na Nagasaki tarehe 9/8. Honda mwenyewe alikuwa askari, na wakati alirudia kwao kisha vita, alipita mu Hiroshima na kuona kwa macho yake. Miezi nane kisha ile mashua kupatwa, Godzilla alikuwa mu sinema. Zaidi ya watu milioni 9 walienda kumuangalia. Walikuwa wanaangalia vita vyao wenyewe, vyenye vilivalishwa ngozi ya munyama ili vipate kusimuliwa.

Sasa, wasomaji wangu, mufungue masikio. Uraniumu yenye ilitumika ku bombe ya Hiroshima, sehemu yake kubwa ilitoka wapi? Ilitoka Shinkolobwe. Karibu na Likasi. Ni mwendo wa masaa machache tu kutoka hapa penye ninaandika. Ule mugodi ulivumbuliwa mu 1915, na Union Minière iliuchimba kwanza juu ya radiamu. Mu 1940, mukubwa wa ile kampuni, Edgar Sengier, alituma zaidi ya tone 1.000 za mawe yake ku New York. Mwezi wa 9 mwaka 1942, jeshi la Marekani lilizinunua, na lilitaka zingine. Baba zetu na babu zetu walitosha yale mawe na mikono. Hawakuambiwa yanaenda kufanya nini. Jina la Shinkolobwe lilifichwa, juu ile kazi yote ilikuwa siri ya vita. Mbele ya uhuru mugodi ulifungwa, lakini njaa iliufungua tena, na mu 2004 sehemu moja ilianguka na kuua wachimbaji.

Nilipoeleza hivyo, muzee mumoja wa avenyu yetu, mwenye kutumika zamani ku Gécamines, alikuwa amekaa ku kiti chake akisikiliza. Alisimama polepole, akashika fimbo, akasema: "Baba yangu alitumika pale. Alikuwa anarudia na vumbi ku nguo, na mama alikuwa anaifua pamoja na zetu." Akanyamaza. Halafu akaangalia yule munyama wa mifuko ya simenti mwenye kulala chini, akasema: "Basi huyu ni wa kwetu." Ile siku hakuna mutoto mwenye alicheka.

Ninajua wengine wenu mutasema: hii ni michezo ya watoto wa kukosa masomo. Hapana. Ku dunia kuko watu maelfu wenye kufanya kazi hii hii, wakubwa wenye ndevu na wamama wenye wajukuu. Karibu na Chicago, ku Marekani, kuko mukutano wa kila mwaka wenye unaitwa G-FEST. Watu wanafika na nguo za wanyama zenye walishona wenyewe, na sanamu zenye walipaka rangi, na wanashindana kwa furaha. Ku Japani, kijana mumoja, Hideaki Anno, wakati alikuwa mwanafunzi alitengeneza pamoja na marafiki wake filme za kuiga zile alizopenda, na katoni na karatasi. Mu 2016 kampuni ya Toho, yenye Godzilla yenyewe, ilimupa yeye filme nzima aandike na aongoze, Shin Godzilla. Na tarehe 10/3/2024, filme ingine, Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki, ilipata zawadi ya Oscar juu ya picha zake za kudanganya macho. Wenye walitengeneza zile picha walikuwa watu 35 tu, na walishinda makampuni yenye watu mamia. Ile filme inasimulia nini? Inasimulia watu wenye walipoteza nyumba na ndugu mu vita, wenye kukaa mu vibanda, wenye kulea mutoto mwenye hawakuzaa. Mama mumoja wa Uvira mwenye aliiona pamoja nasi aliniambia: "Munyama sikumuogopa. Nililia juu ya kale kabanda."

Karibu na sisi zaidi, kuko Wakaliga, kartiye ya masikini ya Kampala, ku Uganda. Pale Isaac Nabwana alitengeneza filme Who Killed Captain Alex? mu mwaka 2010, na feza kidogo sana, kompyuta zenye aliunganisha mwenyewe, na bunduki za kuigiza zenye rafiki zake walitengeneza na vyuma vya kutupwa. Leo ile filme inaangaliwa na mamilioni ya watu. Hakuna mwenye aliwapa ruhusa ya kuanza.

Na hapa kwetu? Wenye umri wangu wanakumbuka picha za mamba muntu, nusu mutu na nusu kitu cha maji, zenye zilikuwa zinatundikwa mu nyumba za wazazi wetu mu Kamalondo, mu Kenya, mu Katuba. Hakuna mwenye alisema kama baba ni mulozi juu ametundika picha. Na mupaka leo musanii wa muji wetu, Jean Katambayi, anatengeneza mashini za katoni na nyaya za umeme zenye zinasafiri kuonyeshwa ku Ulaya. Katoni ya Lubumbashi iko na heshima yake.

Sasa nifike ku jambo lenye liliniamusha kuandika. Mwezi uliopita, mutumishi mumoja wa kanisa, jina lake na la kanisa lake sitataja, alipita ku uwanja na kumukuta yule mutoto wa Goma ndani ya nguo ya munyama, akinguruma. Jioni alienda kwa mama yake. Alisema kama roho ya munyama imeingia mu mutoto. Alisema ni juu ya ile mutoto anapiga kelele usiku, na ni juu ya ile baba yake hajapiga telefone tangu Goma. Aliomba mutoto akae siku tatu bila kula, na mama atoe feza ya maombi. Kesho yake mwenye parsele aliyasikia, na yeye akasema hataki mulozi mu nyumba yake, watoke mbele ya mwisho wa mwezi.

Munajua, ninyi wote, namna neno kama lile linafanya. Mutoto anatoka ku nyumba, analala ku soko, na hakuna mwenye anauliza jina lake tena. Mu hii inchi tumeona watoto wengi wenye walienda hivyo. Na yule alikuwa tayari amepoteza kartiye yake, masomo yake na baba yake. Alibaki na mama, na ile nguo ya mifuko ya simenti.

Tulienda watu wane: shefu wa avenyu, muzee wa Gécamines, mama mumoja wa jirani mwenye anaheshimiwa, na mimi. Hatukuenda kugombana. Tulisema mambo mawili. La kwanza: sheria ya tarehe 10/1/2009 ya kulinda mutoto inakataza kumushitaki mutoto kama ni mulozi, na mwenye kufanya hivyo anaweza kufungwa. Hakuna mwenye parsele wala mutumishi mwenye iko juu yake. La pili muzee alilisema: "Kama ule munyama ni pepo, basi ni pepo wa Shinkolobwe, na alianza kwa baba yangu. Mufukuze mimi kwanza." Mwenye parsele alikohoa, akatuletea viti. Mwisho wa mwezi ulipita, na ile familia ingali pale.

Mama wa mutoto alisema maneno machache, lakini ninayaandika kama alivyoyasema: "Mutoto wangu alikuwa anapiga kelele usiku mbele hajashika katoni. Sasa anapiga kelele mara moja kwa wiki. Wenye kujua roho wanieleze hiyo." Baba hajapiga telefone bado. Ile hakuna munyama wala mutumishi mwenye ameitengeneza.

Nilimuuliza mutoto juu ya nini anapenda kuwa ndani ya ile nguo yenye joto kali. Alinijibu kama ku Goma, wakati mabombe yalianguka, alikuwa mudogo na vitu vyote vilikuwa vikubwa. "Humu ndani, mimi ndiye mukubwa." Halafu akanieleza sheria yenye watoto walipatana: munyama wao anaweza kuvunja kitu chochote mu muji, shemine, nyumba ya gorofa, hata ile ya mwenye parsele, lakini haruhusiwi kukanyaga kibanda cha shitingi. Mwenye kukikanyaga anatoka mu muchezo. Wenye walikuwa tayari bila nyumba hawavunjiwi mara ya pili. Sikuwafundisha ile sheria, wala hakuna mukubwa mwenye aliwafundisha.

Mwisho wa filme yao haujapatikana. Tangu wasikie habari ya Shinkolobwe, wale wakubwa wanataka munyama arudie kule na kuziba shimo na mikono yake, mawe yasitoke tena. Wale wadogo wanasema hapana, aangushe shemine kwanza, juu mikebe inalia muzuri ikianguka. Wanabishana mpaka giza inaingia.

Ninawaomba mambo matatu. Wazazi, mutoto akitengeneza kitu cha kutisha, mukae chini na kumuuliza ni kitu gani, mbele ya kumuuliza mutu mwingine. Wazee wenye mulitumika ku Shinkolobwe, ao wenye baba zenu walitumika kule, musimulie wakati mungali na pumzi; ile habari Wajapani waliipatia munyama, na sisi tumeiacha bila hata picha. Na wenye biashara ku njia ya Kasapa, musichome katoni wala mifuko ya simenti. Mutuwekee pembeni, watoto watapita kuzichukua siku ya posho, saa nane.